Anayemtunza mchezaji naye asomee: ombi kwa vyuo vya Mtwara na Lindi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo limekuwa likijadiliwa nyumbani kwetu tangu matokeo ya kidato cha sita yatoke, na ambalo naamini linazigusa familia nyingi za huku Kusini. Binti wa marehemu kaka yangu, aliyesoma mchepuo wa Fizikia, Kemia na Baiolojia, ametueleza kwamba hataki kuomba udaktari wala ufamasia, bali anataka kusomea utunzaji wa afya ya wanamichezo pamoja na ukuzaji wa afya ya jamii. Dada yangu, ambaye ni shangazi yake, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza: "Yaani mwanangu, miaka yote hiyo ya chuo kikuu ni ya kwenda kujifunza kukanda watu?" Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mzazi anayejua gharama ya kusomesha, na ambaye maishani mwake amemwona mchua misuli akikimbia uwanjani na kopo la dawa, hakuona zaidi ya hapo. Binti akanigeukia mimi, baba yake mdogo, kwa kuwa nimefundisha elimu ya michezo katika sekondari za mkoa huu wa Mtwara kwa miaka 31. Sikuwa na jibu la kutosha usiku ule. Nimelitafuta tangu hapo, na nimeona niliandike hadharani kwa sababu linawahusu pia wakuu wa vyuo vyetu.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita, katika mechi ya shule mbili, kijana wa kidato cha tatu aliyekuwa akicheza winga ya kulia aliruka kuwania mpira, akatua kwa mguu mmoja huku mwili ukigeuka, na goti likatoa mlio ambao hata sisi tuliokuwa pembeni tuliusikia. Hakuna aliyemgusa. Tulimbeba mpaka chini ya mkorosho, nami ndiye niliyetoa amri yaletwe maji ya moto na kitambaa, goti likandwe kwa nguvu kabla "halijalala vibaya". Jioni lilikuwa limevimba mara mbili. Siku ya tatu alipelekwa kwa fundi wa kukanda, na baada ya wiki mbili, uvimbe ulipopungua, mimi mwenyewe nilimruhusu kurudi mazoezini, akaanguka tena peke yake. Leo ni mtu mzima mwenye watoto, anauza samaki feri, na akishuka ngazi hutanguliza mguu ulioumia kila mara kwa sababu haumbebi akiukunja. Hajawahi kunilaumu. Lakini sasa najua kwamba dalili zile, yaani kutua na kugeuka, mlio, na uvimbe wa haraka, ndizo zinazomfanya mtu aliyesomea ashuku mara moja kuchanika kwa kano ya ndani ya goti. Kwamba kukanda na kupasha joto jeraha bichi katika siku mbili tatu za mwanzo huongeza damu na uvimbe. Na kwamba uvimbe kupungua si ushahidi kwamba goti limepona. Nilikuwa mwalimu mwenye cheti, niliyewapenda wanafunzi wake, na sikufundishwa hata moja kati ya hayo.

Mahali ambapo taaluma hii ya kutunza afya ya wanamichezo imekua zaidi ni Marekani. Chama cha kitaifa cha wataalamu wake kiliundwa huko mwaka 1950, na mwaka 1990 chama cha madaktari wa nchi hiyo kiliitambua rasmi kuwa mojawapo ya taaluma za afya. Kwa muda mrefu ilisomwa kwa shahada ya kwanza. Siku hizi anayetaka kuingia katika kazi hiyo kule husoma mpaka shahada ya uzamili, kisha hufanya mtihani wa kitaifa kabla ya kuruhusiwa kufanya kazi peke yake. Kazi yenyewe huanza kabla ya jeraha, kwa kumchunguza mchezaji na kumwandaa asiumie. Hupitia katika kulitambua jeraha pale pale uwanjani na kutoa huduma ya dharura, na huendelea katika utengamao, yaani kuurejeshea mwili nguvu zake, mpaka mchezaji anarudi kucheza kwa vipimo, si kwa kukisia. Ndani yake mna anatomia, fiziolojia, elimu ya mwendo wa mwili, lishe, saikolojia na utunzaji wa kumbukumbu za wagonjwa. Si kazi ya kocha, ambaye ana haki ya kutaka kushinda. Wala si ileile ya mfiziotherapia, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo, ambaye mara nyingi humpokea mgonjwa hospitali baada ya mambo kutokea. Huyu yupo pembeni mwa uwanja jambo linapotokea. Kwa dada yangu ningesema hivi: kukanda kumo, ila ni kama kupima homa katika kazi ya daktari.

Nichukue mfano wa kifundo cha mguu, kwa kuwa hakuna mwalimu wa michezo asiyekutana nacho. Mtoto ameteguka, analia, na swali ni moja tu: mfupa umevunjika au haukuvunjika? Anayeishi Mtwara mjini, karibu na Hospitali ya Ligula, anaweza kujibiwa na picha ya eksirei siku hiyohiyo. Aliye ndani kabisa ya Liwale au Nanyumbu analazimika kukodi bodaboda au kusubiri gari, na mzazi anauza gunia la mbaazi kabla ya wakati wake. Mwaka 1992 madaktari wa mji wa Ottawa, Kanada, walichapisha kanuni fupi ambayo mtu aliyefunzwa huitumia kwa vidole vyake tu. Hubonyeza ncha za mifupa pande mbili za kifundo, hasa ukingo wa nyuma, na sehemu mbili za mifupa ya katikati ya unyayo, kisha humwomba mgonjwa apige hatua nne. Kama mfupa hauumi unapobonyezwa na hatua nne zinawezekana, hata kwa kuchechemea, uwezekano wa kuvunjika ni mdogo sana na eksirei si lazima. Kanuni hiyo imejaribiwa katika nchi nyingi na imesimama. Fikiria, Mhariri, ni safari ngapi za bure zingeepukika, na kwa upande wa pili ni watoto wangapi waliovunjika kweli wasingeambiwa "jikaze, ni kuteguka tu".

Lipo jambo ninaloliogopa zaidi ya mifupa, nalo ni joto. Sisi wa pwani tumezaliwa ndani yake, hivyo tunadhani tumelizoea. Lakini mchezaji anayekimbia saa nane mchana mwezi Februari, hewa ikiwa imejaa unyevu kiasi kwamba jasho haliwezi kukauka mwilini, anaweza kufikisha joto la ndani la zaidi ya nyuzi 40, na akaanza kuyumba, kujibu ovyo au kugombana na mwamuzi bila sababu. Wengi humwona mkaidi au mlevi, kumbe ubongo wake unaungua. Wataalamu wa fani hii wana msemo wa kazi: poza kwanza, safirisha baadaye. Mgonjwa atumbukizwe katika maji baridi papo hapo, na lengo ni kulishusha joto ndani ya nusu saa tangu alipoanguka, kwa sababu dakika zinazopotea njiani kuelekea hospitali ndizo zinazoua viungo vya ndani. Hufundishwa pia kwamba kipimajoto cha kwapani au cha paji la uso hudanganya katika hali hiyo, na kipimo cha kuaminika ni cha njia ya haja kubwa, jambo linalohitaji mafunzo, faragha na maadili, na ndiyo sababu haliwezi kuachiwa mtu yeyote aliyejitolea.

Hapa ndipo nilipoanza kuamini kwamba elimu hii inaweza kuwa yetu. Mahali pasipo na beseni kubwa la kuogea, wataalamu hutumia turubai: watu wanne au zaidi hushika pembe, mgonjwa hulazwa katikati, maji na barafu humiminwa juu yake, na walioshika huliyumbisha turubai ili maji yazunguke mwilini. Ni kaya ngapi za Tandahimba, Newala na Masasi zisizo na turubai la kuanikia korosho? Na ni nani mwenye barafu nyingi kuliko wauza samaki wa feri ya Mtwara na wa pwani ya Lindi? Vifaa vyote vipo umbali wa kupiga kelele kutoka uwanjani. Kinachokosekana ni mtu mmoja aliyesomea, anayejua kwamba huyu si mkaidi, na mwenye mamlaka ya kumwambia kocha, kamisaa na wazazi: mechi isimame.

Kuhusu moyo nitasema kwa ufupi, maana wasomaji wanakumbuka. Desemba 2016, katika uwanja wa Kaitaba, Bukoba, kijana wa kikosi cha vijana cha Mbao FC alianguka katikati ya mchezo na akafariki dunia. Juni 2021, mchezaji wa Denmark, Christian Eriksen, alianguka mbele ya dunia nzima mjini Copenhagen, akakandamizwa kifua na kushtuliwa moyo kwa mashine uwanjani, na leo yu hai. Sisemi kwamba yule wa kwetu angepona. Hilo analijua Mungu. Ninachojua ni kwamba kifua kinapaswa kukandamizwa mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwenda chini sentimita tano au zaidi kidogo kwa mtu mzima, na kwamba kila dakika inayopita bila mashine ya kushtua moyo hupunguza nafasi ya kuishi kwa takriban asilimia 7 hadi 10. Mtu hawezi kuyakumbuka hayo kwa mara ya kwanza siku ya msiba.

Sasa nije upande wa pili wa shahada anayoitaka binti yetu, yaani ukuzaji wa afya, ambao wengi wameniuliza unahusiana vipi na misuli. Kwa sadfa inabidi nirudi Ottawa. Ni katika mji huohuo, Novemba 1986, ambapo mkutano wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha Mkataba wa Ottawa, unaosema kwamba kukuza afya ni kuwawezesha watu wawe na uwezo zaidi juu ya afya yao wenyewe na kuiboresha. Mkataba ule haukuishia kwenye kuwahubiria watu. Ulitaka sera zinazolinda afya, mazingira yanayoiwezesha, nguvu ya jamii, stadi za mtu binafsi, na huduma za hospitali zinazotazama zaidi ya tiba. Naona kwamba mkono unaobonyeza kifundo cha mtoto mmoja na akili inayojiuliza kwa nini watoto wengi wa shule moja wanateguka katika kiwanja kilekile chenye mashimo, vinapaswa kuwa vya mtu mmoja. Nikiwa mwalimu niliona majeraha mengi. Sikuwahi kuyahesabu, na kwa kuwa sikuyahesabu sikuwa na la kumwonyesha mkuu wa shule wala diwani.

Faida yake imepimwa hata barani kwetu. Zipo programu za kupasha mwili moto, inayojulikana zaidi ikiwa ile ya FIFA inayoitwa 11+, ya dakika kama 20, yenye mbio nyepesi, mazoezi ya nguvu ya paja na tumbo, kusimama kwa mguu mmoja, na kuruka na kutua goti likiwa limekunjwa kidogo na kuelekea sawa na vidole. Utafiti uliofanyika Lagos kwa wachezaji vijana na kuchapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba timu zilizofanya mazoezi hayo zilipata majeraha pungufu kwa asilimia 41. Hakuna mashine ndani yake, hakuna umeme. Ningependa wasichana wetu wa netiboli wawe wa kwanza kufaidika, kwa kuwa wasichana huumia kano ya goti mara nyingi kuliko wavulana wanaocheza mchezo wa aina moja, na netiboli kwa sheria zake inamlazimisha mchezaji asimame ghafla kila anapodaka mpira.

Nao wasichana wana sababu nyingine ya kumhitaji mtu huyu. Wazee wetu wa Kimakonde, Kimwera na Kiyao hawakumwacha mwali ajifunze mambo ya mwili wake njiani. Alikabidhiwa kwa somo wake, mtu mzima mmoja anayemfahamu, ambaye angeweza kumwuliza lolote. Katika timu za shule nimeona kwamba mchezaji humwambia anayemfunga bandeji mambo asiyomwambia mzazi wala mwalimu wa darasa: kwamba hajala tangu jana, kwamba hedhi imekatika miezi mitatu, kwamba anakunywa uraka, ile pombe ya mabibo, na wakubwa zake msimu wa mabibo, kwamba kuna mtu anamsumbua. Anayepokea siri hizo bila elimu huzidharau au huzisambaza. Aliyesomea ukuzaji wa afya hujua lipi ni la ushauri, lipi ni la hospitali na lipi ni la ustawi wa jamii. Kwa sababu hiyo nimefurahi, kuliko nilivyoweza kumwonyesha, kwamba anayetaka kuisomea kazi hii nyumbani kwetu ni mwanamke.

Wala wanaomhitaji si wachezaji peke yao. Katika nchi zilizoendelea katika fani hii, wataalamu wake wanafanya kazi viwandani na majeshini, kwa hoja kwamba mfanyakazi anayetumia mwili wake ni sawa na mwanamichezo. Mchukuzi anayepandisha magunia ya korosho ghalani na bandarini msimu mzima, mvuvi anayevuta jarife alfajiri, dereva wa bodaboda anayekaa juu ya pikipiki kwa muda wa saa kumi na mbili: migongo na mabega yao huisha kabla ya umri. Upande mwingine wapo watu wa maofisini, na sisi wastaafu, ambao shinikizo la damu na kisukari vinatukuta tukiwa tumekaa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mtoto dakika 60 kila siku. Kusema hivyo ni rahisi; kujua mzee mwenye goti bovu na presha aanze vipi bila kujiumiza, hilo linahitaji msomi.

Ombi langu, basi, kwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Stella Maris hapa Mtwara, na kwa vyuo vya afya na vya ualimu vya Mtwara na Lindi, ni kwamba wakae pamoja waone kama wanaweza kuandaa programu ya fani hizi mbili, na kuipeleka katika Tume ya Vyuo Vikuu kwa hatua zinazostahili. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha elimu ya viungo na sayansi ya michezo, KCMC ya Moshi inafundisha fiziotherapia, na chuo cha michezo cha Malya kule Kwimba kinafundisha wataalamu wa michezo. Walimu na uzoefu vipo nchini, ila kwa kijana wa Nachingwea vyote viko zaidi ya kilomita mia tano. Mahali pa kufanyia mazoezi ya vitendo tunapo: Uwanja wa Nangwanda Sijaona, Ilulu pale Lindi, na Ruangwa ambako Namungo wamethibitisha kwamba timu ya wilayani inaweza kufika mashindano ya Afrika, Hospitali ya Ligula, ya Sokoine, na ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, na shule zote za mikoa miwili. Mwaka 2021 Mtwara ilipokea UMITASHUMTA na UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za msingi na sekondari, kitaifa, na mkusanyiko kama ule ungekuwa darasa la mwezi mzima kwa wanafunzi wa fani hii. Naomba tu mtaala usiwe nakala ya Marekani. Uanze na joto letu, viwanja vyetu vya mchanga, wachezaji wanaocheza peku, na mafundi wetu wa kukanda, ambao wengi wanasikilizwa na watu kuliko zahanati na wangefaa kufundishwa siku mbili tatu za mwanzo waache nini.

Dada yangu ameuliza pia kuhusu ajira, na hapo sitamdanganya. Shahada isiyokuwa na nafasi katika muundo wa utumishi humrudisha kijana nyumbani na vyeti mkononi. Ndiyo maana ombi hili haliwezi kuwa la vyuo peke yao: halmashauri zikubali kuanza na mtaalamu mmoja kwa kila wilaya, atakayezunguka shuleni siku za mazoezi na kukaa hospitali ya wilaya siku zilizobaki, na vilabu vya ligi navyo viwahesabu watu hawa kama wanavyomhesabu kocha. Tanzania, pamoja na Kenya na Uganda, imepewa uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, hivyo masikio ya wakubwa kwa sasa yako wazi kuliko kawaida kwa habari za viwanja. Nawasihi wabunge wetu wa Kusini wasiishie kwenye nyasi na majukwaa.

Binti yetu atatuma maombi yake mahali popote atakapokubaliwa, hata kama ni mbali, na dada yangu ameridhia baada ya kunisikiliza jioni mbili. Amesema atachangia nauli. Mimi nimezungumza na yule mwanafunzi wangu wa feri. Amekubali kwamba kila Jumamosi kutakapokuwa na mechi ya vijana atatuwekea ndoo mbili za barafu, nami nimeshanunua turubai.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu mstaafu wa elimu ya michezo,
Shangani, Mtwara